Mistari Isiyochapwa

Machi 3

Daftari hili lilikusudiwa kazi nyingine. Mwenzangu alilipiga mistari kwa rula kabla hajaondoka, safu tatu kila ukurasa: tarehe, presha ya asubuhi, presha ya jioni. Akaliweka juu ya friji pamoja na kile kipimo cha kufunga mkononi, akaniambia, "Mwalimu, kila siku, na usinidanganye." Alikwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Alisema wiki sita. Leo ni wiki ya saba na safu zote ni tupu, kwa hiyo nimeona haya nikaanza. Asubuhi 144 kwa 90. Jioni sijapima. Nafasi iliyobaki ni kubwa, basi najaza maneno.

Mvua imeanza leo saa nane mchana.

Machi 4

146 kwa 92. Mvua.

Machi 6

Kitabu changu kimekubaliwa. Nakiandika hapa kwa kuwa nyumbani sina wa kumwambia, na jirani yangu fundi cherehani nilipomwambia dirishani alisema, "Hongera, Mwalimu, na zile suruali zako ziko tayari."

Ni maswali mia sita ya jometri, niliyoyatunga kwa miaka thelathini na minne darasani, yakiwa kwenye madaftari kumi na moja. Mhariri anayataka kufikia tarehe 31 Mei, yakiwa yamepangwa kwa LaTeX, programu ya kupangia vitabu vya hesabu. Nilimuuliza kama siwezi kuleta madaftari yenyewe. Alicheka kwa adabu.

Fundi wa kompyuta alikuja mchana kunitayarishia mashine. Nilimfundisha huyu binti kidato cha tatu. Simkumbuki vizuri, yeye ananikumbuka. Aliweka programu ya kuandikia, kisha juu yake akaweka kitu anachokiita kiongezi. Kushoto ninaandika amri na maneno, kulia unatokea ukurasa uliopangwa, na kila ninapohifadhi, kiduara kidogo kinazunguka chini ya skrini. Kikiisha salama inatokea alama ya vema. Kukiwa na kosa, msalaba mwekundu.

"Inatamkwa lateki," alinisahihisha mara tatu. Ana kiburi kidogo huyu.

Machi 9, Jumapili

Simu kutoka kwa mwenzangu. Mtoto alikuwa akilia nyuma yake muda wote.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Presha?"

"Nzuri."

"Basi huku kazi bado, Mwalimu. Mtoto halali. Nikae kidogo?"

"Kaa tu. Mimi mzima."

Akasema haya. Mazungumzo ya dakika nne, na mbili kati ya hizo alikuwa mtoto. Presha 150 kwa 94, lakini hiyo ni baada ya simu, haihesabiki.

Machi 12

Nimepoteza asubuhi nzima kwa swali la kumi na mbili. Niliandika: "Urefu wa bustani umeongezwa kwa 15% na upana haukubadilika. Tafuta eneo jipya." Kwenye ukurasa wa kulia ikatokea: "Urefu wa bustani umeongezwa kwa 15", basi, maneno mengine yote yamemezwa. Niliandika upya, nikahifadhi upya, nikazima mashine, nikaiwasha. Kumi na tano, kimya.

Nikampigia fundi. Alikuja na koti lake la mvua likichuruzika sakafuni.

"Mwalimu, alama ya asilimia huku ina kazi yake. Chochote kinachoifuata kwenye mstari hakichapwi. Ukitaka ionekane, tanguliza mkwaju, huu mstari wa mshazari uliolalia nyuma."

"Na hayo maneno yaliyofuata, yamekwenda wapi?"

"Hayajaenda popote. Si haya hapa? Unayaona wewe uliyeketi kwenye mashine, yamekuwa kijani. Msomaji hayaoni. Watu huandika humo mambo yao, kujikumbusha."

Akaweka mkwaju wake mmoja na swali likarudi zima. Alipoondoka nilijaribu maneno mawili chini yake, nyuma ya alama ya asilimia, yakawa kijani, nikakaa nikiyatazama.

Machi 13

Chini ya swali la ishirini nimeandika, nyuma ya alama ya asilimia: *Hili ulilipenda. Ulisema linafanana na paa la nyumba yetu ya kwanza.* Nikahifadhi. Alama ya vema. Kulia hakuna kitu, swali la ishirini kisha la ishirini na moja, kana kwamba sikusema neno.

Machi 15

Mvua. 143 kwa 90. Maswali 12.

Machi 16, Jumapili

"Nikae?" "Kaa tu."

Machi 20

Kazi inakwenda. Nimeanza kumzoea huyu kiongezi. Ukianza neno anakumalizia, ukifungua mabano anakufungia, na ukibonyeza mahali kwenye ukurasa uliopangwa anakurusha moja kwa moja hadi kwenye mstari ulioutoa. Tatizo lake ni moja. Kosa likiwa mstari wa arobaini, yeye analia mstari wa mia mbili. Leo nimetafuta bano moja saa mbili nzima mahali ambapo halikuwepo.

Nimehesabu mistari ya kijani: thelathini na mmoja. Sikukusudia iwe mingi hivyo. Humu daftarini naandika habari za siku. Kule nazungumza na mwenzangu. Naandika swali, halafu chini yake namwambia kitu, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukifanya kazi: mimi meza hii na yeye meza ile ya pili, anasahihisha insha za darasa la saba, na kila baada ya muda mmoja wetu anatoa neno bila kutazama upande wa pili. Meza yake sasa nimeweka ndoo, paa linavuja hapo.

Machi 23, Jumapili

Hakupiga. Nilikaa na simu mapajani hadi saa kumi, ndipo binti yetu akatuma ujumbe kwamba mtoto alikuwa na homa na amepona. Nilijibu "Poleni sana." Mstari wa kijani, chini ya swali la 140: *Kitanda kimekuwa kipana. Nalala upande wangu tu, ule wako sijui nauogopa nini.*

Machi 28

Mvua siku nne mfululizo. Cherehani ya jirani nayo imenyamaza, amekwenda mazishini. Sikujua kwamba nilikuwa nikiisikiliza. 149 kwa 93.

Aprili 2

Fundi alikuja kunitengenezea michoro ya duara, ambayo ilikuwa ikinitokea kama mayai. Nilimpikia chai. Nilitaka kuwa mwema, nikamuuliza kama hesabu alizipenda.

"Nilizipenda," alisema. "Mwalimu aliandika kwenye ripoti yangu: 'Hana bidii wala haulizi maswali.'"

"Mimi?"

"Wewe. Nilikuja mezani kwako mara tatu muhula ule. Ulikuwa unasahihisha. Mara ya tatu nikarudi kukaa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema huku akipuliza chai. Nikamwambia aongeze sukari.

Aprili 3

Sina hamu ya kazi. Yale maneno ya jana yamenikaa rohoni. Basi leo naandika jambo ambalo nimelikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Siku aliyoondoka mwenzangu, Januari, nilikuwa mezani nikipanga namba za maswali. Gari lilikuwa limeshafika nje. Alisimama mlangoni na begi lake la buluu, akasema, "Mwalimu, inua kichwa basi nikuage." Nikasema, "Namalizia hili." Akasubiri. Nikasema, "Safari njema," macho kwenye karatasi. Niliposikia mlango wa gari ukifungwa ndipo nikainua, na pale mlangoni palikuwa na kandambili zake tu. Miaka thelathini na sita ya ndoa, na hivyo ndivyo nilivyomuaga.

Haikuwa kwa ajili ya namba. Namba zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi.

Aprili 5

Maswali 20. Sufuria imeungua. Nimemwambia, kwa kijani.

Aprili 13, Jumapili

Leo aliyepiga ni binti yetu, na sauti yake ilikuwa ile ya kuomba ruhusa.

"Baba, nimeanza kazi tena. Tunafikiria Mama abaki hadi mtoto aanze kutembea. Mume wangu amemtengenezea chumba, kina dirisha zuri. Mama anasema yeye hana neno, tukuulize wewe. Unasemaje?"

Hadi aanze kutembea. Mtoto ana miezi mitatu. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kama Mama yako ameridhika, mimi nina nini cha kusema?"

"Kwa hiyo sawa, Baba?"

"Sawa."

"Mama yuko hapa, anataka kukusikia."

Akaja kwenye simu. "Umesemaje, Mwalimu?"

"Nimesema sawa."

"Haya," alisema. "Kama ni sawa." Nikasikia kijiko kikikoroga kikombe. Alikuwa akisubiri na mimi nilikuwa nikisubiri, hadi mtoto akalia akatuokoa sote wawili.

Nimejikaza kisabuni hadi simu ikakatika. Halafu nimekwenda kukaa kitandani na viatu vyangu. Nasema wazi humu, kwa kuwa nimekula kiapo cha kutodanganya daftari hili: nimelia. 158 kwa 98.

Aprili 14

Nimeandika chini ya swali la 311: *Si sawa. Nilisema sawa lakini si sawa hata kidogo. Rudi.*

Nikahifadhi. Alama ya vema.

Aprili 19

Mvua. Maswali 18. Mistari ya kijani 9.

Aprili 22

Mvua. Maswali 6. Mistari ya kijani 14. Nikiendelea hivi kitabu kitakuwa cha kijani chote. Nikiandika "Rudi" sasa, kiongezi anaona nimeanza "Ru" na ananipendekezea amalizie. Hata yeye amelishika.

Aprili 27, Jumapili

Simu. Nilimwambia kwamba kitabu kinakaribia kwisha, na kama atakuwa na nafasi, nitamtumia binti yetu akichape kazini kwake, yeye akipitie. Hakuna kitu nilichowahi kuandika, hata barua ya kustaafu, ambacho hakikupita chini ya kalamu yake nyekundu kwanza.

"Nilidhani hutaniuliza," alisema.

Hilo neno nimelifikiria siku nzima.

Mei 3

Nimemaliza! Swali la mia sita limeingia saa tano asubuhi.

Ila nilipopitia sura ya mwisho, ile ya maeneo, niliona maswali yamekatika katikati. Asilimia tena. Nilikuwa nimesahau mikwaju, sehemu arobaini hivi. Kuirekebisha moja moja ni kazi ya kutwa, na binti yetu alikuwa amesema yuko kazini hadi saa saba tu, mashine ya kuchapia haiko wazi wikiendi zote. Kiongezi na ile programu yake wana kisanduku cha kutafuta na kubadilisha. Nikaandika juu: asilimia. Nikaandika chini: mkwaju na asilimia. Nikachagua mafaili yote ya sura zote, nikabonyeza "Badilisha zote".

Kufumba na kufumbua, 172 zimebadilika. Nikahifadhi. Kiduara kikazunguka, alama ya vema. Nilifungua sura ya mwisho, maswali yote yamesimama mazima. Kurasa zilikuwa 184, sasa 191, nikasema ni yale maneno yaliyokuwa yamemezwa yamerudi. Nikatuma saa sita na robo. Niliimba nikiosha vyombo. 138 kwa 86.

Mei 5, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilifungua kitabu nikitafuta mchoro wa ukurasa wa 47. Chini ya swali la 140, kwa herufi zilezile nzuri za maswali, zimesogezwa sawasawa kushoto na kulia, nilisoma:

% Kitanda kimekuwa kipana. Nalala upande wangu tu, ule wako sijui nauogopa nini.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Nikafungua ukurasa mwingine. *% Sufuria imeungua, ile yako.* Mwingine. *% Leo jirani amecheka na mtu nje, nikafungua dirisha nijifanye natazama mvua.* Ukurasa wa 103, chini ya mraba uliochorwa ndani ya duara: *% Rudi.* Ukurasa wa 104: *% Rudi.*

Ndipo nikaelewa. Zile 172 hazikuwa za sura ya mwisho peke yake. Nimechukua kila alama iliyokuwa ikificha mstari, nikaiwekea mkwaju mbele, na sasa ni alama tu ya kawaida, haifichi kitu. Kila nililomwambia gizani kwa wiki nane limepangwa, limepewa ukurasa.

Na kule ukurasa wa 112 kulikuwa na ule mstari ambao hata humu daftarini sikuuandika. Niliusoma nimesimama: *% Siku ile sikuinua kichwa kwa sababu nilijua nikikutazama nitakuomba usiende, na mtoto alikuwa akikuhitaji kuliko mimi.*

Nikampigia binti yetu.

"Mama ameshakipata?"

"Tangu Jumamosi jioni, Baba. Nilichapa pale pale, sikukifungua hata. Amekaa nacho dirishani tangu jana. Kuna nini?"

"Mwambie asisome! Kuna makosa."

"Baba, si ndiyo maana umempa?"

"Mpe simu."

Nikasikia akiita. Nikasikia sauti ya mwenzangu kwa mbali, maneno sikuyashika. Binti yetu akarudi: "Anasema anasoma, asisumbuliwe."

Kwa miaka thelathini na sita nimekuwa mtu wa kuulizwa. Umekula, umelala, umechoka, utakuja. Najibu ndiyo au hapana, kisha naendelea na kazi. Nilidhani huo ni utulivu na nikajisifu nao. Sasa mke wangu amekaa kwenye dirisha ambalo sijawahi kuliona, ana kalamu nyekundu mkononi, anasoma mtu mwingine kabisa, mtu anayelialia kurasa mia moja tisini na moja. Sijui atamwonaje. Aibu niliyo nayo haina mfano, na si aibu peke yake, ni woga. Itakuwaje akikisoma chote, akakifunga, na Jumapili akaniuliza kama nimekula?

162 kwa 99. Nimepima mara mbili.

Mei 6

Fundi alikuja kurekebisha. Hakukuwa na njia ya kumficha, kazi yenyewe ni kusoma mstari baada ya mstari. Alitengeneza namna ya kutafuta mistari inayoanza na mkwaju na asilimia tu, akairudisha kwenye kijani chake. Kumbe lile swali la kumi na mbili, lililokuwa sahihi tangu Machi, ndilo peke yake lililoharibika: lilikuwa na mkwaju wake, nami nikaliongezea wa pili.

Alipomaliza akafunga mfuko wake.

"Mimi sijaona kitu, Mwalimu."

"Asante, binti yangu."

Alisimama mlangoni akivaa koti. Safari hii nilikuwa namtazama. "Ila huo wa mia na kumi na mbili," alisema, "ungeuweka mwanzoni."

Nilimwambia kwamba nilikosea ile ripoti yake. Alisema anajua, akacheka, akatoka mvuani. Nilisema ana kiburi. Hana.

Mei 8

Kimya.

Mei 9

Kimya. Mvua nayo imepungua, kwa hiyo kimya ni kikubwa zaidi.

Mei 11, Jumapili

Nilipiga mimi. Sijawahi kupiga mimi siku ya Jumapili. Binti yetu alipokea.

"Mama anasema bado hajamaliza."

"Yuko vipi?"

"Baba, mmegombana?"

"Hapana."

"Mbona anacheka peke yake, halafu anakwenda kuosha uso?"

Nikamuuliza habari za mtoto.

Mei 13

147 kwa 92. Jirani amerudi kutoka mazishini siku nyingi na cherehani inalia kutwa. Nilikwenda kukaa dukani kwake saa moja nzima bila shida yoyote ya nguo. Alinipa vifungo nitenganishe vyeusi na vya kahawia. Nilivitenganisha.

Mei 18, Jumapili

Hakupiga. Sikupiga. Nimeondoa ile ndoo juu ya meza yake, nimeifuta, nimekaa upande wake wa meza. Kutoka hapo kinachoonekana ni kisogo cha mtu anayekaa kwenye meza yangu. Sikuwahi kukaa hapo hata siku moja.

Mei 20

Kifurushi kimekuja kwa basi. Nimekwenda kukichukua mwenyewe, nimekibeba kifuani nikarudi kwa miguu, na nilipofika nimekiacha mezani nikaenda kwanza kuchemsha maji ambayo sikuyahitaji.

Amesoma kila kitu. Mwenzangu hajui jometri, lakini anajua swali lisiloeleweka: "Fafanua." "Mchoro haulingani na maneno." "Swali la 12 limekatika." Hadi ukurasa wa tano nilianza kudhani ameamua kujifanya hakuona.

Chini ya lile la paa, la swali la ishirini, kuna vema nyekundu. Pembeni: "Halikuwa paa, lilikuwa hema la harusi ya dada yako. Ila endelea."

Kwenye sufuria: "Ile ya mpini mweusi? Isugue kwa majivu, usiitupe."

Kwenye kitanda kipana ameandika mstari halafu ameukata, akaandika mwingine akaukata, mwisho akaacha: "Na huku pia."

Kwenye "Si sawa": "Nilikusubiri useme hivyo kwenye simu hadi chai yangu ikapoa."

Kwenye kila "Rudi" ameweka namba ndogo. Moja, mbili, tatu. Sikuelewa kwa nini.

Ukurasa wa 112 niliufungua jioni tu. Ameweka vema kubwa, ile ya mwanafunzi aliyepata zote, na chini yake: "Sahihi. Imekabidhiwa kwa kuchelewa." Karatasi hapo ina alama ya maji iliyokauka, na si mvua, maana kifurushi kilifungwa kwa nailoni.

Halafu ukurasa wa 191, wa mwisho, chini ya swali la mia sita, "Rudi" yangu ya mwisho ina namba 27. Chini yake ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, wima, wazi:

"Jumla: mara ishirini na saba unaniambia nirudi. Nimetafuta kitabu kizima mahali ulipoandika kwamba utakuja. Hakuna. Chumba nilichopewa kina nafasi ya meza mbili, na hukuwahi kuuliza. Sahihisha, kisha uniletee mwenyewe."

Nimesoma mara nyingi sana. Nilipekua kurasa zote tena kuona kama kweli hakuna. Hakuna. Mistari mia moja na thelathini ya upweke, na katika yote nimekaa palepale kwenye kiti nikimwagiza mtu mwingine anyanyuke.

Mei 21

Nimepiga simu. Ni Jumatano. Alipokea mwenyewe.

"Umekula?" nilimuuliza mimi.

"Nimekula."

"Nakuja."

"Lini?"

"Nikishatuma kitabu. Jumamosi."

"Uje na ile taa yako ya mezani, hii ya huku inaumiza macho," alisema, kisha akampa mtoto simu. Mtoto alipumua sikioni mwangu kwa muda mrefu, nami sikumsikiliza kwa haraka.

Mei 23

Kitabu kimetumwa kwa mhariri, siku nane kabla ya wakati. Kurasa 184. Mistari ya kijani nimeifuta yote, mmoja mmoja, si kwa "Badilisha zote". Haikuwa ya mhariri, na aliyeandikiwa ameshaisoma. Fundi nimempa shukrani kwenye ukurasa wa pili, kwa cheo chake. Ufunguo uko kwa jirani. Amenipa suruali zangu, zimekaa dukani kwake tangu Machi.

Mei 24, Jumamosi

Safari ya saa tisa. Hakukuwa na mvua njiani hata tone.

Alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, amekonda kidogo na nywele zimeongezeka mvi upande wa kushoto. Nilisimama nikamtazama. Nilimtazama hadi akasema, "Mwalimu, ingia basi, majirani wanaona." Kandambili zangu, zile za nyumbani, alikuwa ameshazinunulia pacha na kuziweka kwenye mkeka.

Meza ni mbili kweli. Yangu iko nyuma na yake iko dirishani, nimeomba tuzigeuze zitazamane. Naandika haya na yeye yuko mbele yangu anamkunjia mtoto nguo. Ameligundua daftari, amelifungua mwanzoni kutafuta presha, ameona maneno yalivyojaza safu zake. Amesema atalisoma kesho, na kalamu anayo.

Jioni: 131 kwa 84. Amepima yeye.